Kufuata Mkate hadi Jangwa Jeusi

Siku ya 1: Unguja hadi Amman

Marehemu babangu alikuwa na tanuri Ng'ambo, mjini Unguja. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshaliwasha kwa makumbi na kuni, na jua likichomoza sisi watoto tuko njiani na vikapu, tunapeleka mikate ya ajemi kwenye mikahawa. Kwa hiyo mimi mkate nimeujua kwanza kwa joto lake mgongoni, kabla sijaujua kwa ladha. Mama alikuwa upande wa nyuma: kupima unga, kulaza chachu, kuhesabu fedha. Siagi haikuwa kitu cha kila siku kwetu. Ilikuwa samli, na samli ilikuwa ya wageni.

Nilipoanza kuoka mwenyewe nilitaka kujua nani alianza. Si nani aliyeleta mkate wa ajemi Unguja, hilo jina lenyewe linasema, kwa kuwa Waarabu humwita Mwajemi mtu wa Uajemi. Nilitaka kujua mtu wa kwanza kabisa, yule aliyetazama majani ya mwituni akaona chakula ndani yake. Mwaka 2018 nilisikia habari ya makombo ya mkate yaliyopatikana Jordan, yenye umri wa miaka 14,400. Nikaanza kuweka akiba. Imenichukua miaka kadhaa.

Nimeruka kupitia Doha. Mtoto wa kaka yangu anasoma Amman, amenipokea uwanja wa ndege usiku na koti mkononi, maana Aprili huku bado kuna baridi. "Shikamoo shangazi, umechoka?" Nimechoka, lakini sikulala hata saa mbili.

Mama aliniaga uani, amekaa kwenye mkeka karibu na kile kijaa chake cha zamani cha kusagia nafaka kwa kuzungusha, ambacho siku hizi tunakiwekea ndoo. Hakuniuliza kuhusu makombo. Alisema: "Ukiwaona wana samli nzuri, nifungie."

Siku ya 2: Amman

Asubuhi tumeingia kwenye duka la mikate mtaani kwa kijana wangu. Mashine inatoa mikate myembamba mmoja baada ya mwingine, inafura kama puto halafu inalala. Nilisimama pembeni muda mrefu mpaka mwokaji akanikaribisha ndani. Nilipomwambia kwa Kiarabu changu cha chuoni kwamba kwetu nasi tunasema tanuri, akacheka kwa furaha na kuwaita wenzake. Wao husema *tannur*. Waakadi wa Mesopotamia, waliokuwa wakiandika kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walisema *tinuru*. Neno hilo limetoka mkono kwa mkono, mwokaji kwa mwokaji, hadi Ng'ambo kwa babangu. Hamira nayo ni ya kwao, na samli ni *samn* yao iliyobadilishwa herufi moja na ulimi wetu.

Mchana tulikwenda Makumbusho ya Jordan, Ras al-Ain. Watu wengi huja hapa kwa ajili ya sanamu za Ain Ghazal, watu weupe wa chokaa wenye macho makubwa yaliyozungushiwa lami nyeusi, waliofukuliwa kuanzia mwaka 1983 ndani ya mji huu huu. Wana zaidi ya miaka 8,000. Nimewaangalia kwa heshima. Lakini nilichokaa nacho zaidi ni mawe ya kusagia: jiwe la chini limebonyea katikati kama tandiko la punda, jiwe la juu ni dogo, la kushikwa kwa mikono miwili na kusukumwa mbele na nyuma. Hakuna kuzunguka hapa. Ni kusukuma tu.

Siku ya 3: Azraq

Yapata kilomita 100 mashariki ya Amman nchi inageuka. Kilima cha mwisho chenye mizeituni kinapita, halafu ni changarawe, kisha mawe meusi yanaanza, kwanza moja moja, baadaye uwanda mzima. Ni mawe ya volkano, basalti, yaliyomwagika zamani kutoka milima ya Syria. Ndiyo maana linaitwa Jangwa Jeusi.

Azraq maana yake buluu, kwa sababu ya maji. Kulikuwa na madimbwi makubwa hapa, ndege wahamao walitua kwa maelfu. Maji yakavutwa kwa pampu kupelekwa mijini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 chemchemi zikakauka. Siku hizi wanarudishia maji kidogo kwenye eneo la hifadhi, na tumetembea juu ya njia ya mbao katikati ya matete. Nimeinama nikachuma jani la majani ya majini, jamii moja na ndago yetu. Ndago kwetu ni adui wa shamba, unaling'oa leo, kesho limerudi kwa sababu ya vile viazi vidogo vya chini. Nilikuwa na sababu ya kuliangalia kwa makini, na nitaieleza kesho.

Tumelala hapa hapa. Upepo umepiga madirisha usiku kucha.

Siku ya 4: Shubayqa

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi na gari la magurudumu manne, dereva ni mtu wa Safawi, mji mdogo kwenye barabara ya kwenda Baghdad. Tulipoacha lami alishuka akapunguza upepo wa matairi. Hata hivyo tairi moja lilichanwa na jiwe, tukakaa nusu saa kulibadilisha. Sikujali. Pembeni yangu, katikati ya mawe, yalikuwa yameota majani membamba yenye masuke, yana nywele ndefu za dhahabu. Dereva akasema ni *shair*, shayiri. Hakuna aliyeipanda. Imejiotea yenyewe baada ya mvua za baridi, kama ilivyokuwa ikijiotea kabla ya kuwako mkulima yeyote duniani.

Nilivunja suke moja. Punje zake ndogo, nyembamba, zimevaa maganda magumu yasiyotaka kuachia. Na suke lenyewe likaguswa kidogo tu linapukutika lote chini. Nimeoka tangu nina miaka kumi na minne na sikuwahi kufikiri juu ya hilo. Ngano tunayonunua kwa gunia inangoja mvunaji, haimwagiki. Imefundishwa kungoja, kwa maelfu ya miaka, na watu waliochagua masuke yasiyopukutika. Hii ya mwituni haijafundishwa na mtu. Ukichelewa siku tatu, umeikosa.

Qa Shubayqa ni bonde pana la tope lililokauka, mvua ikinyesha sana linakuwa ziwa. Pembeni yake kuna kilima kifupi cha mawe meusi. Mpita njia angeliona rundo la mawe tu. Hapa, kuanzia mwaka 2012 hadi 2015, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wakiongozwa na Tobias Richter walifukua nyumba ya mviringo iliyosakafiwa kwa mawe, na katikati yake mafiga mawili makubwa ya kuwashia moto, moja lililojengwa baadaye juu ya lingine. Wenye nyumba walikuwa watu ambao wataalamu wanawaita Wanatufi. Walikuwa wawindaji na wakusanyaji. Waliwinda swala, sungura na ndege wa majini. Shamba hawakuwa nalo. Mbuzi wala kondoo wa kufuga hawakuwa nao.

Majivu ya mafiga yale yalikusanywa yote, yakachujwa. Amaia Arranz-Otaegui, mtaalamu wa mabaki ya mimea, akakuta humo vipande vyeusi ambavyo hakuvitambua. Si mbegu, si mbao. Ni kama yale makombo yanayobaki chini ya kibaniko cha mkate. Vilipowekwa chini ya hadubini ya elektroni, vikaonekana vile vitundu vidogo vidogo ambavyo mwokaji yeyote anavijua, na chembe za nafaka zilizosagwa, zikapepetwa, zikakandwa. Vilikuwa 24, vikubwa vyake ni vya milimita chache tu. Ndani yake kulikuwa na ngano mwitu, ile yenye punje moja kwenye kila kijisuke, na viazi vya majani ya majini. Ndugu zake ndago.

Niliposoma hayo mara ya kwanza, huko nyumbani, niliacha kazi nikatoka nje. Kwa sababu nimesomeshwa skuli kwamba mtu alianza kulima, akapata ngano nyingi, ndipo akabuni mkate. Makombo haya yanatangulia kilimo kwa miaka kama 4,000. Kabla yake, mkate mkongwe uliojulikana ulikuwa wa Çatalhöyük, Uturuki, wenye miaka 9,100 hivi. Kwa hiyo mkate ulikuwepo kwanza. Shamba lilikuja baadaye sana, na mimi naamini, baada ya kulishika lile suke lenye kupukutika, kwamba shamba lilikuja kwa sababu kuna watu walishaonja mkate wakautaka tena.

Fikiria kazi yenyewe. Unazunguka jangwani siku nzima kukusanya punje zinazodondoka. Unachimba viazi kwenye tope, unavikausha. Unatwanga kutoa maganda, unapepeta, unasaga juu ya jiwe, unachekecha, unatia maji, unakanda, unangoja makaa yapungue. Na pembeni kuna swala mzima wa kuchoma. Hakuna mwenye njaa anayechagua njia hiyo. Mkate huu hauwezi kuwa ulitokana na njaa. Ulikuwa wa wageni, au wa safari, au wa siku fulani waliyoitaka iwe tofauti na nyingine. Sisi tunalijua hilo. Kwetu hakuna anayepika mkate wa kumimina kwa sababu tumbo limemuuma.

Dereva akakoka moto wa vijiti. Alichota unga kutoka kwenye mfuko wake, maji, chumvi, akakanda juu ya kifuniko cha sufuria. Alipoona makaa yako tayari, akayasogeza, akalaza donge lililobapa juu ya mchanga wa moto, akalifukia kwa majivu. Wachungaji huita *arbud*. Baada ya robo saa akaufukua, akaupiga kofi pande zote mbili majivu yakaruka, akaumega. Hakuna tanuri, hakuna sinia, hakuna hamira. Tumeula pale pale, mita chache kutoka kwenye yale mafiga. Ganda lilikuwa gumu, ndani laini, na ladha ya moshi. Kijana wangu alikula kimya, halafu akasema, "Shangazi, huu ndio wenyewe." Sikuweza kumjibu kwa sababu nilikuwa nalia.

Siku ya 5: Kwenye hema

Ndugu wa dereva wamepiga hema upande wa kaskazini, wana kondoo na mbuzi. Tumelala kwao. Mimi nimelazwa upande wa wanawake, na mwenye hema ni bibi mmoja wa makamo ambaye wote wanamwita Hajja. Nami nikamwita hivyo. Usiku niliuliza kuhusu siagi, akaniambia kama nataka kuona niamke kabla ya jua, maana siagi haipendi joto.

Saa kumi na moja alikuwa ameshaanza. Kiriba cha ngozi nzima ya mbuzi kimening'inizwa kwenye miti mitatu iliyofungwa juu. Ndani yake si maziwa mabichi. Ni maziwa yaliyogandishwa, mtindi mzito wa jana. Nilishangaa, nikamuuliza kwa nini asitoe malai kwanza akayapiga hayo. Akasema malai ya mbuzi hayapandi. Ni kweli, na sababu yake ni nzuri kuijua: mafuta ya maziwa yamo ndani ya vijidonge vidogo mno, kila kimoja kimevaa utando wake, na vya mbuzi ni vidogo kuliko vya ng'ombe, vinachelewa kuelea juu. Kwa hiyo unagandisha yote, kisha unayasukasuka yote.

Alipuliza upepo ndani ya kiriba kikafura, akafunga mdomo wake kwa kamba, akakaa chini na kuanza kukivuta na kukisukuma. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Akinipa zamu, mikono yangu ya kukanda unga ilichoka baada ya dakika tano. Kinachofanyika humo ndani ni kugonganisha vile vijidonge mpaka utando upasuke na mafuta yashikane. Hajja haangalii ndani. Anasikiliza. Mwanzoni sauti ni ya maji, *chwa chwa chwa*. Baada ya dakika kama arubaini ikabadilika, ikawa nzito, kitu kinaangukia kitu. Akanitazama akanyanyua kidole. Akatia maji baridi kidogo, akasukasuka tena polepole, akafungua.

Siagi ilikuwa nyeupe kama pamba. Ameikusanya kwa mkono, akaiweka kwenye bakuli. Wengi wetu tumezoea siagi ya manjano na tunadhani ndiyo rangi yake, kumbe ule umanjano ni wa ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ya mbuzi na kondoo ni nyeupe.

Nadhani hivi ndivyo ilivyoanza. Hakuna aliyekaa akabuni siagi. Mtu alitia maziwa katika kiriba, akakifunga juu ya mnyama au begani, akatembea siku nzima, na jioni akafungua akakuta vipande vimeelea. Wafugaji wetu wa bara wanaosukasuka maziwa ndani ya kibuyu wanafanya kazi ileile kwa chombo kingine. Ngozi huoza, kibuyu huoza, ndiyo maana siagi ya kwanza haijaacha kombo kama mkate wa Shubayqa. Kilichobaki ni mafuta yaliyonyonywa na udongo wa vyungu. Mwaka 2008 watafiti walitangaza matokeo ya kupima vipande vya vyungu zaidi ya 2,200 kutoka Uturuki na nchi za jirani, wakakuta mafuta ya maziwa tangu miaka kama 9,000 iliyopita, hasa kaskazini-magharibi ya Uturuki. Watu wazima wa zama zile hawakuweza kuyeyusha sukari ya maziwa mabichi, yangewavuruga tumbo. Maziwa yakigandishwa sukari ile hupungua, na kwenye siagi karibu haipo. Kwa hiyo kiriba kile kilikuwa ndicho kilichowafungulia watu maziwa.

Mchana Hajja aliyeyusha siagi kwenye sufuria pamoja na ngano iliyopondwa, uwatu na manjano. Uchafu na maji vikashikwa na ngano, juu ikabaki samli safi ya rangi ya dhahabu. Ile ngano iliyobaki chini, yenye mafuta, watoto waliigombania. Mtindi uliotoka kwenye kiriba alikuwa ameshauchemsha, ukawa unachuja kwenye kitambaa. Utatiwa chumvi, utafinyangwa madonge, utakaushwa juani uwe mgumu kama jiwe. Hiyo ni *jamidi*, na ndiyo supu ya *mansaf*, chakula chao cha heshima ambacho UNESCO imekitia katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2022. Hakuna tone lililotupwa.

Kisha akawasha moto chini ya saji, sinia la chuma lililopinduliwa kama mgongo wa kobe. Alirusha donge la unga kutoka mkono hadi mkono mpaka likawa pana na jembamba kama kitambaa, akalitandaza. Nusu dakika, umeiva. Akachota samli kwa vidole viwili akapaka, akakunja, akanipa mkononi.

Nimeshakula mikate mingi maishani. Huo nitaukumbuka.

Alipoinuka kuchukua maji aliweka mkono gotini akakaa hivyo kidogo kabla ya kunyooka. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema kwa kawaida tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Magoti ya mamangu pia."

Siku ya 6: Kurudi Amman

Njia nzima nimelala. Hajja amenifungia chupa ya samli na hakutaka fedha kabisa. Nilimpa kanga mpya niliyokuwa nayo mkobani, kijana akamfasiria jina lake. Akaifunga kichwani papo hapo.

Siku ya 7: Ghassul na Bahari ya Chumvi

Tumeshuka bondeni mpaka masikio yakaziba. Ufuko wa Bahari ya Chumvi uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari zote. Kilomita chache kaskazini-mashariki yake, katikati ya mashamba ya ndizi na mboga, kuna Tuleilat Ghassul, maana yake vilima vidogo vya Ghassul. Ufukuaji ulianza hapa mwaka 1929. Wakaaji wake waliishi miaka kama 6,000 iliyopita, wakati watu walipokuwa wanaanza kutumia shaba.

Hakuna cha kupiga picha. Ni vilima vya udongo na vigae. Lakini nilikuja kwa ajili ya kitu kimoja ambacho utamaduni huu ulikiacha sehemu nyingi za bonde hili na ng'ambo yake: chombo cha kusukia maziwa, cha udongo. Umbo lake ni kama pipa lililolala, shingo juu, na vishikio viwili, kimoja kila upande, vya kupitisha kamba. Wanaakiolojia wa kwanza hawakukielewa ni cha nini. Ukishalala kwenye hema la Hajja huhitaji kuambiwa. Ni kiriba. Mfinyanzi aliangalia kiriba cha ngozi kimening'inia akakifinyanga kama kilivyo, mpaka mahali pa miguu ya mbuzi pakawa vishikio. Kwa mara ya kwanza siagi ikapata chombo kisichooza.

Na huko Gilat, jangwa la Negev, kulipatikana sanamu ndogo ya udongo ya zama hizo hizo: mwanamke amekaa, na kichwani amebeba chombo hicho hicho, ameushika kwa mkono mmoja uzito wake. Iliwekwa mahali pa ibada. Inanifurahisha kwamba watu hao walipotaka kumweka mtu mbele ya wanachokitukuza, walimweka mwenye maziwa.

Jioni kijana wangu amenisindikiza kununua koti, ingawa nimebakisha siku mbili tu.

Siku ya 8: Cairo

Ndege ya saa moja na nusu. Kijana amebaki na masomo yake, nimeagana naye kwa dua.

Wamisri hawasemi *khubz* kama Waarabu wengine. Wanasema *aish*, na *aish* maana yake ni maisha. Hapa hoteli hadi hapo kona nimehesabu vijana wanne juu ya baiskeli, kila mmoja na ubao mpana wa mikate kichwani, mkono mmoja tu kwenye usukani. Nikamkumbuka yule mfungwa katika Sura ya Yusuf, aliyeota amebeba mikate kichwani na ndege wanaila. Tulipokuwa chuoni nilidhani ni ajabu ya ndoto. Kumbe alikuwa ameota kitu alichokuwa akikiona kila asubuhi.

Alasiri nilikwenda Giza. Nimeziangalia piramidi, lakini nilisimama zaidi upande wa kusini, kwenye ukuta mkubwa wa mawe uitwao Heit el-Ghurab, Ukuta wa Kunguru. Nyuma yake ndiko ulikokuwa mji wa wajenzi, na mwaka 1991 Mark Lehner na wenzake walifukua huko majiko mawili ya mikate yaliyopakana, yenye miaka kama 4,500. Walioka katika vyungu vizito vyenye umbo la kengele. Chungu kinapashwa moto kwanza, kinamiminiwa donge laini, kinafunikwa na chungu kingine cha moto, vinapangwa kwenye mashimo yenye makaa. Nafaka ilikuwa shayiri na ngano ya kale yenye maganda. Mtu anayeinua mawe yale anahitaji mkate mzito, na huo ulikuwa mzito kweli. Mama yangu angeuita mkate wa kumimina uliokosa nazi.

Siku ya 9: Jumba la Makumbusho, Tahrir

Nilikuja na jina la kitu kimoja tu, na nilikipata baada ya saa nzima ya kutafuta. Ni sanamu ya chokaa iliyopakwa rangi, ndogo, ya zama za piramidi. Mwanamke anasaga. Amepiga magoti mbele ya jiwe lililobonyea, mikono imenyooka mbele imeshika jiwe la juu, mwili umeinama, kichwa kimeinuka kidogo kama aliyeitwa. Sanamu hii ilizikwa pamoja na mkubwa fulani ili imsagie unga milele.

Niliangalia vidole vyake vya miguu.

Kuna kijiji kimoja cha kale Syria, Abu Hureyra, kando ya Mto Furati. Kilifukuliwa mwaka 1972 na 1973 haraka haraka kabla bwawa halijakifunika, na sasa kiko chini ya ziwa. Theya Molleson alichunguza mifupa ya watu wake, miongoni mwa wakulima wa mwanzo kabisa duniani. Kwa wanawake wengi alikuta alama zilezile: kidole gumba cha mguu kimeharibika kwenye kiungo kwa kukunjwa na kukandamizwa, magoti yameota mfupa wa ziada, uti wa mgongo umeumia sehemu ya chini. Kupiga magoti saa nyingi kila siku, kusukuma na kuvuta jiwe, tangu utotoni. Nimesimama mbele ya sanamu hii nikamuona Hajja anavyoinuka. Nimeona pia kwamba katika habari zote nilizosoma za mkate wa kwanza, wameandika kuhusu ngano, moto na wanaume waliowinda swala, na magoti haya yametajwa kwa mstari mmoja.

Nilikaa kwenye benchi nikampigia mama. Nilimsimulia sanamu ilivyo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Amepiga magoti? Hakukaa?"

"Amepiga magoti, mama."

"Sisi kwa kijaa tulikuwa tunakaa. Miguu tumenyoosha, mmoja huku mmoja huku, tunazungusha na tunaimba. Mgongo ulichoka, lakini magoti, hapana. Mie magoti yangu mazima mpaka leo."

Ni kweli, na sikuwa nimelifikiria. Jiwe la kuzunguka, la mawe mawili ya duara na mpini, lilibuniwa magharibi ya Bahari ya Kati miaka kama 2,500 tu iliyopita. Tangu Shubayqa hadi hapo ni zaidi ya miaka 11,000 ya kusaga kwa kusukuma. Kwenye mkate wote niliousoma, wa Jordan, Uturuki na Misri, hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kubwa kuliko hamira, na lilifika hadi Makunduchi alikosagia mama akiwa msichana. Nyumbani tunaliwekea ndoo.

Nilimwambia mama nikirudi tutaliondoa pale bombani.

"Liondoe," akasema. "Na samli?"

Ninayo. Nimeizungushia mifuko miwili na kitenge, iko katikati ya sanduku, mbali na pembe.